Lengo la Mgonjwa

Kimandolu, Jumanne

Kaka Elihuruma,

Shikamoo. Mama hajambo, mahindi tumeshapukuchua. Simu hupokei, ndiyo maana naandika.

Melkizedeki, yule uliyemkata panga pajani, anatibiwa kwenye kliniki yetu. Madaktari walimtoa mafuta tumboni, wakachuja humo seli shina, wakazidunga kwenye msuli ulioukata ili ujijenge upya. Hajui kwamba mimi ni mdogo wako.

Fomu inauliza lengo la mgonjwa. Nilipomuuliza, Melkizedeki akacheka: "Andika, dada karani: nipande hadi kwake Olmotonyi kwa miguu yangu, nimchinje Elihuruma mbele ya mkewe." Niliandika "kutembea".

Leo amepanda ngazi bila mkongojo. Daktari alimpigia makofi, nami ikabidi nipige.

Ondokeni huko Olmotonyi leo hii, wewe na wifi.

Mdogo wako,
Aika