Mama Tovo Ameshika Usukani

Antananarivo, 3 Machi 1996

Mwanangu Tovo,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua na mvua hii isiyojua kwao. Shangazi yako Vola anakusalimu, bado tunatarizi mashuka pamoja barazani. Na wewe huko Marseille, baridi imepungua? Unakula vizuri, au unaoka mikate ya watu halafu wewe unalala na chai?

Leo nina habari za gari la baba yako. Limezeeka, sikufichi. Stata imekufa, bampa ya nyuma imefungwa kwa waya, na sakafu upande wa abiria imeliwa na kutu hadi unaona mawe ya barabara yakipita. Breki ya mkono haishiki, ndiyo maana chini ya gurudumu kuna tofali. Lakini injini ni nzima. Fundi Ndriana akilisukuma kidogo kwenye mteremko wetu, linawaka.

Basi baba yako mkubwa Rabary alikuja kutoka kijijini. Hata chai hajanywa, akasema, "Shemeji, gari la marehemu hurudi kwa ndugu wa marehemu. Wewe litakusaidia nini? Utafugia kuku?"

Nikamwambia, "Haliwaki."

"Litawaka likiona mwanamume."

Akarudi Jumamosi na makanika wake. Walilisukuma hadi kwa muuza mkaa, wakalivuta kulirudisha, wakalisukuma tena mpaka mashati yakaloa. Nami nimekaa barazani natarizi. Kile kijipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, kidogo kama kizibo, ambacho bila hicho injini haipati moto, kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Miaka yote baba yako alipokuwa chini ya boneti, nani alikuwa anamshikia taa? Nilikuwa nashika taa, Tovo, lakini macho sikufumba.

Rabary ameondoka amenuna. Vola alicheka mpaka sindano ikamchoma.

Mimi mama yako,
Bakoly


Marseille, 30 Machi 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, na ninakula, usiwe na wasiwasi. Mpe Vola pole ya kidole.

Nilicheka niliposoma barua yako. Kisha siku ya pili ikaja ya baba mkubwa, kicheko kikaisha. Anasema Agosti hii ukoo utafungua kaburi la kijijini Ambohitsara kuwavalisha wazee sanda mpya. Daraja lililosombwa na mafuriko mwaka ule baba alipofariki limejengwa, kwa hiyo sasa baba anaweza kutoka kwenye kaburi la binamu zako hapo mjini akalale na baba zake. Lakini anasema yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na hatatuma mtu wala gari kumchukua mpaka umkabidhi lile la baba.

Mama, mpe. Ni bati tu. Unajua baba alivyotamani kurudi kwao. Tusimwache ugenini kwa sababu ya gari lenye tundu sakafuni. Tutafute amani.

Mwanao,
Tovo


Antananarivo, 28 Aprili 1996

Mwanangu Tovo,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi wazima. Mvua imekatika, wenye mashamba wanavuna mpunga.

Nimesoma neno lako la amani. Amani gani hiyo, mtu akishikilia mifupa ya mume wangu kama mwenye nyumba anavyoshikilia godoro la mpangaji? Nikimpa gari leo, kesho atataka cherehani, keshokutwa nyumba. Nimemjibu hivi: "Shemeji, usijisumbue kutuma mtu. Mume wangu nitamleta mwenyewe."

Akauliza nitamleta na nini. Nikamwambia na gari lake.

Sasa ninajifunza kuendesha. Fundi Ndriana alikataa mwanzoni. Akasema, "Mama Tovo, una miaka hamsini na nane, na gari hili halina huruma." Nikamjibu kwamba tutaelewana basi, maana hata mimi sina. Siku ya kwanza nilipiga ukuta wa kanisa. Ukuta haukuumia. Siku ya pili niliachia klachi kwa pupa, gari likaruka kama chura, Ndriana akagonga kichwa darini akataja majina ya mababu zake wote.

Kabureta nimelifungua mwenyewe. Vidole vilivyotarizi maua kwa miaka thelathini vitashindwa na vitundu vile? Nilivisafisha kimoja kimoja kwa petroli na kuvipuliza, na sasa halikohoi tena asubuhi. Plagi nimezipiga msasa. Sakafu tumepigilia bati la debe la mafuta ya kupikia, ukipanda unakanyaga picha ya alizeti.

Kilichobaki ni rejeta. Inavuja, na gari linachemsha likiona tu kilima. Na huu mji wetu, mwanangu, una kitu gani kingine zaidi ya vilima?

Mama yako,
Bakoly


Marseille, 21 Julai 1996

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Unaumwa? Vola anaumwa?

Baba mkubwa ameandika kwamba umegonga kibanda cha nyanya sokoni na mtaa mzima unakucheka. Anasema kijijini wameshaanza kutunga wimbo. Mama, niruhusu nikodi gari zuri lenye dereva wake. Barabara ile ina malori, halafu vumbi, halafu kile kilima cha mwisho ambacho hata baba alikuwa akikiogopa. Nimeshapoteza mzazi mmoja nikiwa mbali. Unataka kumwonyesha nani nini?

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mwanao,
Tovo


Antananarivo, 1 Septemba 1996

Mwanangu Tovo,

Salamu. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mimi mzima, Vola mzima, baba yako amefika.

Kwanza, kibanda cha nyanya ni kweli. Breki zilikuwa zimeingiwa na hewa. Nyanya tulikula sosi wiki nzima, na mwenye kibanda sasa ni rafiki yangu. Leseni nimepata. Askari wa mtihani alishuka ametota jasho, akasaini bila kunitazama.

Fundi Ndriana alitaka kuja nasi. Nikakataa. Wangesema ndiye aliyeendesha. Tukatoa kiti cha nyuma, na vibali vya kumtoa kaburini vilipokuwa tayari tukamlaza baba yako pale ndani ya mkeka wake mpya, Vola akakaa kando yake amemshika. Tuliondoka jua likichomoza. Majirani walisukuma, injini ikaitikia, sikusimama hata kuaga, maana ningesimama lingezima.

Kwenye barabara ya lami gari lilikwenda vizuri. Malori yalitupigia honi, na mimi nikayapigia. Vola alikuwa akimweleza baba yako njia nzima: sasa tunapita wafua sufuria wa Ambatolampy, sasa tunaacha lami, kaza mkeka kaka yangu. Kwenye vumbi likaanza kuchemsha. Tulisimama kila penye mfereji, nikasubiri lipoe, nikachota maji ya mashamba kwa sufuria. Watu wakatuuliza tunakwenda wapi na mzigo gani. Tukisema, wanavua kofia, wanatusaidia kusukuma.

Kisha tukafika kwenye kile kilima. Juu yake nikaona watu wamejipanga, ngoma na filimbi, na Rabary mbele na fimbo yake. Niliingiza gia ya kwanza. Gari likapanda hadi katikati, gia ikachomoka, tukarudi chini. Nikajaribu tena. Magurudumu ya mbele yakazunguka bure kwenye changarawe, tukarudi tena. Huko juu nikasikia kicheko. Rabary akapaza sauti, "Shemeji, mwache hapo hapo! Nitatuma vijana. Na ufunguo uwape!"

Tovo, nililia. Nilijilaza kwenye usukani nikalia, sikufichi. Vola akasema kwa upole, "Wifi, sema tu. Ukitaka tuwape, tuwape."

Nikafuta machozi. Nikawaza, gari hili linavuta kwa magurudumu ya mbele. Likipanda kilima, uzito wote unakwenda nyuma, mbele kunabaki hewa. Na gia yenye nguvu kuliko zote ni ipi? Nilimwambia Vola, "Mshike sana." Nikaligeuza gari, nikakipa kilima mgongo, nikaingiza rivasi.

Lilipanda kinyumenyume. Shingo imepinda, jicho dirishani, moshi umetuzunguka, injini inalia kama nguruwe wa sikukuu. Lakini lilipanda, wala halikusita. Ngoma zikanyamaza. Watu wakaanza kukimbia kando, wengine wakaweka mikono kwenye boneti kusukuma ingawa halikuhitaji.

Rabary alisimama katikati ya njia. "Unamwingiza ndugu yangu kijijini kinyumenyume?"

Nikamwambia kupitia dirishani, "Amefika, shemeji. Ungemfuata wewe, ungemleta unavyotaka. Sasa sogea, breki zangu si za kuaminika."

Akasogea.

Wanawake ndio waliofungua mlango wa nyuma. Walimbeba juu ya mabega, wakamzungusha kaburi wakicheza, wamemfunga sanda ya hariri niliyoitarizi ukingoni, ingawa Rabary alisema hariri haitariziwi. Yeye alisimama mbali muda mrefu. Mwishoni, walipokuwa wakimshusha, nikaona mkono mmoja zaidi kwenye mkeka. Ulikuwa wake. Huyo ni ndugu yake, amemlilia kwa haki yake.

Jioni, tukila wali na nyama ya nguruwe, akaja kukaa karibu yangu. Akasema, "Mwenye ukoo ni mimi. Gari bado ni la ukoo."

"Kesho asubuhi liwashe basi uondoke nalo," nikamwambia.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa aproni; aliutazama, akarudi kwenye wali wake.

Mama yako,
Bakoly


Marseille, 29 Septemba 1996

Mama yangu,

Shikamoo, na nyingine juu yake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sikuwepo mlipomzika baba, sikuwepo alipofika kwao, na nilikuandikia habari za bati.

Baba mkubwa ameniandikia tena. Anataka mimi, kama mtoto wa kiume, nimpe neno langu kwamba gari ni lake. Nimempa neno langu. Nimemwambia gari ni la mama yangu, na mwenye swali amwendee mwenyewe, akiweza kumkuta nyumbani.

Nimepata likizo. Ninatua uwanja wa ndege wa Ivato tarehe kumi na nne Desemba, mchana. Usikodi teksi. Njoo wewe. Likizima, nitasukuma.

Mwanao,
Tovo


Antananarivo, 3 Novemba 1996

Mwanangu Tovo,

Sote wazima, tunakungoja.

Klachi imeanza kuteleza, nitaifungua wiki hii. Nikichelewa Ivato usipande gari la mtu, kaa hapo hapo na mizigo yako. Mbele atakaa Vola, tangu safari ile hicho ndicho kiti chake. Wewe utakaa nyuma, kiti tumekirudisha. Na usije ukanishika bega kila nikikata kona ukisema polepole, Mama. Nimewaleta wengine salama.

Mama yako, dereva,
Bakoly