Matanuri Chini ya Karanga

Kharumwa

Shangazi Dorika, shikamoo.

Karanga zimekubali mwaka huu. Juzi nilipita na kipimo cha sumaku shambani kwetu, pekupeku, bila mkanda wala hereni, kwa sababu kipimo hicho huvurugwa na chuma chochote mwilini. Wachimbaji waliokuwa wakimsubiri baba awakodishie shamba walicheka: "Dada, tuonyeshe dhahabu basi!" Hakioni dhahabu; kinahisi udongo uliowahi kuungua. Bila jembe kugusa ardhi, kilichora matanuri matano palepale ulipotuambia mababu waliyeyushia chuma, miaka ile baba alipokuita mwongo ukahamia Katoro.

Nakustaajabia, shangazi. Ulijua bila kipimo.

Baba ameitazama ile picha, akawaondoa wachimbaji. Kukupigia simu anaona aibu. Lakini tangu asubuhi anafagia nyumba yako.

Martina wako