Wauguzi Wawili na Sahani Mbili za Wali

Mwende mjukuu wangu,

Huku Masii tuko wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Unasema huko Dubai unakaa mezani na wenzako wa kazini kama bubu, sasa ujifunze lugha gani kwanza, Kimalayalam au Kifilipino?

Nikiwa msichana nilifua mashuka hospitalini, na wauguzi wawili walizungumza hizo lugha, Mhindi Kimalayalam na Mfilipino Kifilipino. Kwenye barua zao za nyumbani, Kifilipino nilikisoma bila kuelewa, maana herufi zake ni kama zetu. Kimalayalam kimejiviringa kama nyuzi za kiondo, kikanishinda kabisa. Lakini siku moja kila mmoja alinisalimia kama wanavyosalimiana kwao: "Umekula?" Nikawajibu wote, "Bado." Nikaletewa wali mara mbili, kumbe walikuwa wananijulia hali tu!

Anza na lugha ya yule anayekuuliza hivyo.

Na leo, umekula?

Susu wako