Mami, Mwanao Amefika Theta

Mpendwa Mami,

Kimani amefika. Naanza na hilo, kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kila nilipokupigia simu, hata kabla ya salamu: "Anakuja lini?" Alifika hapa kwako Theta Jumanne asubuhi, ndevu zimeingia mvi, na jirani yako Mama Njeri akamsalimia kama mgeni. Alimwuliza anatafuta boma la nani.

Unakumbuka siku niliyokuja kwako mara ya kwanza? Nilikuja peke yangu, bibi arusi bila bwana. Tulikuwa tumefunga ndoa huko Marekani katika ofisi ya serikali, na keki ya dukani. Mimi nilikuwa raia wa huko tayari, maana wazazi wangu walinitoa Kamenu, kule Thika, nikiwa bado msichana wa shule ya msingi. Yeye alikuwa ameenda kusoma, karo ikamshinda, viza ikaisha, akabaki hana makaratasi. Alikuwa akitunza wazee wa watu wengine na kushtuka kila alipoona gari la polisi. Kwa hivyo aliyeweza kupanda ndege ni mimi tu.

Mashangazi walinizunguka sebuleni. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Kwani huyu ameolewa na simu?" Wewe ukanishika mkono, ukanipeleka jikoni, ukanipa kisu na karai la viazi.

"Wachana nao," ukasema. "Niambie. Anakula?"

"Anakula, Mami. Siku hizi huponda mukimo kwa viazi vya unga, vile vya pakiti."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Hiyo si mukimo, ni uji wa mgonjwa!"

Halafu ukaniomba kitu ambacho sikukitarajia. Ulisema simu inakuonyesha uso wake tu, na wewe unataka kumwona akitembea. Alivunjika mguu akiwa mdogo, aliporuka ukuta wa shule, na alipoondoka alikuwa bado akichechemea kidogo. Tukampigia. Akaegemeza simu kwenye kioo cha gari nje ya kazini kwake, akatembea kwenye theluji akienda na kurudi, mikono ameirusha kama askari wa gwaride. Ukawaita mashangazi waje waone. "Hachechemei! Mtoto wangu hachechemei!" Siku hiyo ndiyo niliyokuwa mkwe wako, Mami. Mahari ilikuja baadaye.

Nilipomwombea ukaaji wa kudumu kama mume wangu, nilikueleza jinsi mambo yalivyo. Maadamu ombi halijajibiwa, asitoke nchini. Akitoka bila ruhusa, ombi linakufa, na huenda akafungiwa nje miaka mingi. Ulisikiliza, ukasema, "Sawa, tutangoja." Ukalipeleka jambo hilo kwa akina mama wa kanisa, wakaliombea kama wanavyoombea mvua. Kila Jumapili ulinipigia: "Wamemwita kwa mahojiano?" Nami nasema bado.

Mtoto wetu akazaliwa tukiwa bado tunangoja. Kisha figo zikakushinda. Nilikuja tena, nikakukuta hospitalini Ruiru, umekuwa mwepesi, nakugeuza kitandani kwa mkono mmoja. Hukutaka kusikia habari za ugonjwa. Uliuliza, "Kimani amefungwa?"

"Hapana, Mami. Yuko huru. Ila akija hapa, hatarudi."

"Na mtoto?"

"Atabaki na mimi kule."

Sikujua kwamba saa hiyo Kimani alikuwa amekwisha kupanga nguo kwenye sanduku. Alikuwa amechoka. Alipopiga simu jioni hiyo aliniambia, "Acha wachukue hiyo karatasi yao. Mamangu ni mmoja." Nikakupa simu mzungumze wenyewe.

Maneno yako nayakumbuka moja moja. "Babako alipokufa ulikuwa na umri wa huyo mtoto wako. Nilikulea peke yangu. Najua vile ilikuwa, wewe hujui, kwa sababu nilikuficha. Usimwachie huyu msichana hiyo kazi. Usije, Kimani. Ukija sitakufungulia mlango."

Akalia. Tulimsikia sote wawili. Wewe hukulia. Ulinirudishia simu, ukaniambia nikupanguse uso kwa kitambaa cha maji, kwamba joto limezidi.

Tuliomba ruhusa ya kusafiri kwa dharura. Tulikuzika kabla jibu halijafika.

Nilikuja na mtoto. Mpwa wako alishika simu juu ili Kimani aone, naye kule alikuwa amevaa suti, amesimama katikati ya sebule yetu, amesimama ibada yote. Mchungaji alipoita mwana wa marehemu aje atie udongo, watu wakatazamana. Mzee mmoja wa ukoo akauliza, "Mtoto gani huyu asiyemzika mamake?" Nikamjibu, Mami, nami ni mkwe tu, sikustahili kumjibu mzee mbele ya watu. Nikasema, "Ni yule aliyeambiwa na mamake asije." Nikainama nikatia udongo kwa niaba yake, nikatia tena kwa niaba yangu.

Miezi michache baadaye wakatuita kwa mahojiano. Afisa alitaka kujua kama ndoa yetu ni ya kweli. Akaniuliza mambo ya kawaida, nani hufua, nani huamka kwanza. Kisha akauliza, "Mama mkwe wako ulimwona lini mara ya mwisho?" Nililia pale kwenye kiti chake mpaka akasukuma sanduku la tishu upande wangu, akafunga faili. Hakuuliza tena.

Kadi ya ukaaji ilipokuja, Kimani aliiweka mezani, akavaa viatu akaenda kazini. Hatukupika chochote siku hiyo.

Sasa nikuambie kuhusu Jumanne. Alishuka kwenye gari, akasukuma geti, akapita kando ya nyumba hadi mlango wa jikoni, kama mtu ametoka dukani. Nafikiri miguu ilimpeleka yenyewe. Akasimama mlangoni akaita kwa nguvu, "Mami!"

Kuku wakatawanyika. Halafu mtoto wetu, aliyekuwa nyuma yangu, akakimbia akapita kati yetu akiitika, "Nimekuja, Baba!" Unajua tulimpa jina lako, na babake humwita Mami kila siku. Alidhani ameitwa. Kimani alimtazama. Alipiga magoti pale pale kwenye simiti, akamkumbatia, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Mtoto akawa anampapasa kichwa, akiniuliza kwa macho amefanya kosa gani.

Mami, nikuambie ukweli. Kuna siku nakukasirikia. Najua ulilolikataa ili mtoto huyu awe na baba nyumbani, na kila nikiwaona wakila pamoja nakushukuru. Lakini mtu aliyekutaka sana analala kitandani kwako wiki hii, amejifunika leso yako. Jana tulienda Thika kununua maua ya kupanda kaburini. Muuza maua akamwuliza mamake anapenda rangi gani. Alitaja nyekundu, kisha akanigeukia, hana hakika.

Jumapili tunaondoka. Kwenye uwanja wa ndege atapita bila kuogopa mtu, na akitaka atarudi mwezi ujao, au Krismasi, au siku yoyote. Njia imefunguka, Mami. Ila sasa hana anayemuuliza anakuja lini.

Pumzika. Anatembea vizuri.

Mimi mkweo,
Mama Nyambura