Ndege Wako Wamenibakia, Mama Furaha

Mama Furaha,

Nianze na habari nzuri, usije ukadhani mume wako amekonda. Katika Kalemie yote hii, toka bandarini mpaka huko vilimani, hakuna mwanaume mwenye bahati kama miye. Tangu tumalize matanga yako, wamama wa avenui yetu wanapishana mlangoni na sahani. Leo ugali wa muhogo na samaki wa mikebuka wa kukaanga, kesho sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mpaka yanaelea. Nyingine ninazirudisha. Mtu aliyekula katika hoteli za Bujumbura na Kigoma hali kila kitu. Kama unaona wivu huko uliko, sema.

Walioharibika ni ndege wako. Wamekosa adabu kabisa, maana hakuna tena wa kuwatukana.

Yule kunguru wa kola nyeupe, uliyemwita Padiri, bado anatembea uani polepole kama anayetafuta mwenye dhambi. Juzi aliiba sabuni yangu pale kwenye jiwe la kufulia. Nikamtupia kandambili. Akapanda juu ya bati, akaiweka sabuni chini, akainyofoa, akanitazama. Mama, alikuwa anatafuna huku ananitazama! Wale wakubwa wa kijivu wenye mdomo wa kupinda wanapita kila alfajiri wakipiga kelele, haa! haa-haa!, kama watu waliosikia sasa hivi bei mpya ya sukari. Na hondohondo amejiona kwenye kioo cha dirisha la saloni, anafikiri ni mwanaume mwenzake. Anagonga, ko-ko-ko. Siku ya kwanza nilivaa shati, nikafunga vifungo vyote, nikaenda kufungua mlango.

Lakini wakubwa wa kelele ni vile vidogo vya manjano, vilivyojaa kwenye mchikichi wetu. Unakumbuka tulivyokaa kuvitazama, wewe unachambua mchele? Dume linasuka nyumba, jike linaingia, linageuka mara moja, linatoka, limekataa. Dume linabomoa, linaanza tena. Nikakuambia, angalia mateso ya wanaume. Nawe hata hukuinua macho kwenye ungo: "Ye anajenga, Papa Furaha. Weye, ile baraza uliyoniahidi iko wapi?"

Nilicheka siku mbili. Hata kazini kwenye boti nilicheka peke yangu.

Makuti yote wameyachana, mti umebaki kama ufagio wa zamani. Na nguo zako kwenye kamba zilikuwa kila siku na madoa. Hapo ndipo ulipokuwa unatoka na ufagio, kitenge kimefungwa kiunoni, unawashushia matusi ya Kitabwa mpaka majirani wanasimama kusikiliza. Kisha unanigeukia miye: "Huu muti ao miye! Chagua!" Nami nilikuwa ninakujibu, pole pole mama, mwanaume hasukumwi.

Homa ikakuchukua kabla sijachagua.

Jumamosi iliyopita, siku ya salongo, usafi wa mtaa mzima, sefu wa avenui alikuja na vijana, mapanga na shoka. Akasema mti unachafua njia. Nikampigia domo langu: ndege kama hawa, Wazungu wanapanda ndege ya chuma kuja kuwaona, weye unataka kuwafukuza bure? Vijana wakacheka. Sefu hakucheka. Alivua kofia, akasema taratibu: "Papa Furaha, marehemu mwenyewe aliniomba. Alisema siku ya salongo tuje tuukate. Tunamukatalia aje?"

Ulinizunguka. Miye, Mama! Ulikuwa umemwomba kweli, nakujua. Neno lako la mwisho kuhusu mti ule lilikuwa pale, mikononi mwa watu, na shoka liko tayari.

Nikaingia ndani, nikavaa suti yangu ya abakosi, ile ya harusi ya Furaha, nikarudi, nikakaa chini, mgongo kwenye shina, juu ya mavi ya ndege. Nikasema, kateni. Vijana wakacheka tena, kisha wakaacha. Juu yangu vile vidogo viliendelea kugombana, na nguo yangu ilipata sehemu yake. Sefu akavaa kofia. "Tuende," akawaambia. "Huyu bado yuko kwenye matanga."

Basi nimekukatalia, mke wangu. Furaha ananiita niende kwake Moba. Nimejibu sina nafasi. Wakinyamaza hawa, nyumba hii itanyamaza yote. Ningekuchagua wewe, lakini hupo.

Nakuahidi hili: kila asubuhi nitatoka na ufagio wako niwatukane kwa Kitabwa. Nimejaribu. Sijui maneno yote, na sauti yangu haifiki juu. Walinyamaza kidogo, wakaniangalia, wakaendelea. Nitajifunza.

Lala vizuri, Mama Furaha. Huko uliko nguo zako zikae safi.

Habari ya sahani ni uongo. Hakuna anayekuja.

Papa Furaha