Vikaratasi vya Évariste

Cimpunda, Bukavu
Jumatatu, 11 Machi 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Lucie,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Malaria imekuachia? Watoto wamezoea shule ya huko Kampala? Sisi tunapumua. Maman anakula kidogo, na presha yake inapanda na kushuka.

Barua hii nampa jirani yetu Ornella anayepanda basi la huko kesho, maana haya siwezi kuyasema kwenye simu mbele ya maman.

Unakumbuka mdogo wetu Évariste alivyojiandaa kuja kwako. Ulimwambia asifike huko bila Kiingereza, na yeye na kichwa chake kigumu akakutii, mara ya kwanza maishani. Alibandika vikaratasi nyumba nzima: neno la Kiingereza, na chini yake aina ya neno kwa Kifaransa cha shuleni. Kwenye kiti, chair, nom, yaani jina. Kwenye kisu, cut, verbe, yaani kitenzi. Tulimcheka kwamba ameigeuza nyumba duka.

Kisha akaenda Kamituga kutafuta nauli, na shimo la dhahabu likawafunika. Sasa ni wiki tatu. Wenzake wanne walitolewa, yeye hakuonekana. Tonton Raphaël, baba yetu mdogo, ameamua Jumamosi tuzike mgomba badala yake, kama wazee walivyomfanyia mtu asiyepatikana. Sharti lake unalijua: aliyezikwa hivyo, hata akirudi mzima, mlango wa kwao haumpokei tena.

Nilivibandua vikaratasi vyote, nikavifungia ndani ya kopo la maziwa. Asubuhi nikakuta kimoja kwenye bidoni ya maji: water, nom. Nikadhani nilikisahau. Kesho yake, mlangoni: open, verbe. Hicho hakikuwapo zamani. Mwandiko ni wake, yaya, ule unaolala upande, na kona ina tope jekundu. Hapa tunaishi mimi na maman tu, na maman hajui kushika kalamu. Naogopa, sikufichi.

Jana tonton alileta mgomba alioukata kwa urefu wa Évariste, akaulaza uani chini ya shuka. Leo asubuhi nimeifunua. Pale ambapo kingekuwa kifua kulikuwa na kikaratasi: empty, adjectif. Nimetafuta katika kamusi yake. Maana yake ni tupu.

Nilimsomea maman. Hakulia. Alisema tu, "Mutoto wangu haiko mule. Musimufungie mulango."

Tonton anasema wiki tatu chini ya udongo haziachi mtu, na sisi tunaongea na karatasi. Labda ana haki. Lakini wewe ndiye kifungua mimba, na bila neno lako hachimbi. Tupigie kabla ya Jumamosi useme moja tu: tuzike au tungoje.

Msalimie shemeji Constantin, na umbusu Joviale wetu. Mungu akufunike huko uliko, na sisi atupe usingizi.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Françoise

N.B. Bahasha nimeinunua leo. Nimeifungua kuweka barua, nikakuta kikaratasi ndani, wino bado mbichi: sister, nom. Sikukiandika mimi. Nimekiacha humo, ni chako.