Chachu ya Kibuyu cha Mama

Kuresoi, 9 Machi 2025

Kwa dada Jepleting,

Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Mtoto anaota meno, ng'ombe amezaa, na hasira zangu nilikuwa nangoja zipoe. Hazijapoa. Habari ya Nakuru? Sisi ni wazima, ila mwanangu Kimaiyo anatema mursik yote, maziwa ninayogandisha, tangu ubebe kile kibuyu cha mama.

Ulisema ni siku chache tu, maabara yenu ione chachu iliyo ndani. Mama hata udongo wa kaburi lake haujakauka, ukatia kibuyu chake kwa mfuko wa plastiki kama viazi vya kuuza. Kwetu kibuyu hubaki na anayelala nyumba ya mama. Anayelala hapa ni mimi. Kirudishe.

Mdogo wako,
Chepkemei

Bondeni, Nakuru, 2 Aprili 2025

Chepkemei,

Salamu. Mimi niko sawa, kama ulitaka kujua. Mila usinifundishe, hicho kibuyu nilikisugua ukiwa bado mgongoni.

Ungeona nilichoona kwa darubini ungenyamaza. Chachu ni kuvu, ndogo kabisa. Ikiwa na maziwa, vitu ndani ya seli yake vinatembea kama maji. Ikishikwa na njaa, protini zinajikusanya matone matone, kama mafuta kwenye mchuzi, bila ukuta wa kuzishika. Kazi inasimama, seli inalala. Ukiilisha, matone yanayeyuka, inaamka. Lakini ikikaa na njaa sana, mengine hugeuka magumu, hayayeyuki tena. Hayo ndiyo ninayochunguza, na chachu ya mama ni nzuri kuliko zote tulizo nazo. Iko kwenye friji, imelala. Itabaki huku.

Kibuyu chenyewe msaidizi wa maabara alikiosha kwa sabuni. Hakujua. Nitakununulia kingine sokoni.

Dada yako,
Jepleting

Kuresoi, 20 Aprili 2025

Jepleting,

U mzima? Sisi tupo.

Sabuni. Mama alikuwa akisugua kibuyu kwa ufito na mkaa wa mti wa senetwet, na ukikisogeza karibu na sabuni unalala njaa. Msaidizi hakujua, sawa. Wewe ulijua, na wewe ndiye uliyemwachia.

Mambo ya matone nimeyasoma nikinyonyesha. Nimeyaelewa, usidhani. Hata mimi nimejikusanya hivyo. Ungeleta kibuyu Machi, ningeyeyuka, tungekunywa chai. Sasa sijui kama kuna kitu cha kuyeyuka.

Cha sokoni usininunulie. Tuma kile kile, hata kama kinanuka sabuni, nitakipiga mkaa mpaka kikubali. Tuma kifuniko chake cha ngozi, na ule ufito wa kusugulia. Na chachu ya mama, yote, si nusu, ikiwa kwenye barafu. Mpe Khisa wa pikipiki pale Molo, ataifikisha. Wewe usipande nayo huku.

Maziwa ya kuiamsha ninayo.

Mama Kimaiyo